Nilivyolifagia Jangwa

Vijana wa Arlington, Lewisville na kwingineko, mmetuomba sisi tuliostaafu tusimulie kazi tulizofanya huku ili mpate cha kujifunza. Najua mnachotegemea. Mnataka habari za mtu aliyefika na begi moja, akaosha vyombo hotelini, kisha akaamka siku moja ni meneja. Mtu huyo yupo, mwombeni yeye. Mimi nilianza mtunza bustani na nikastaafu mtunza bustani, na hapo katikati nilipandishwa cheo mara moja tu, nikawa popo. Nitawaeleza.

Bustani yenyewe iko Fort Worth. Humo mna jumba kubwa la vioo, na ndani ya jumba hilo wametengeneza jangwa: mchanga, mawe, vichaka vya miiba, na katikati yake dungusi mbili kubwa kupita kiasi. Dungusi ni mmea ambao wengi wenu mnauita kaktasi. Hizi zilikuwa za aina ile ndefu yenye mikono, mnayoiona kwenye katuni, na zililetwa zikiwa zimeshakomaa kutoka jangwa la Sonora, kule Arizona inakopakana na Meksiko. Msidanganywe na picha zilizochorwa kwenye kuta za migahawa ya Kimeksiko. Huku Texas haioti yenyewe. Ukiiona imesimama Texas, jua kuna mtu anaitunza, na mtu huyo hana raha.

Kazi niliipata kwa jibu moja. Bi Carol, mkuu wa bustani, mama mrefu mwenye kofia ya ukindu asiyoivua hata ofisini, aliniuliza kama nina uzoefu wa mimea ya jangwani. Nikamwambia, "Madam, mimi natoka Afrika." Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akanipa mkono. Wanangu, mimi ni mtu wa Muheza. Muheza ni machungwa, ni minazi, ni mvua inayonyesha mpaka bata wanatafuta pa kujikinga. Jangwa la kwanza kuliona maishani mwangu ni lile la Fort Worth, na lilikuwa na feni.

Ndani ya jumba nilimkuta Don Chema, mzee mfupi kutoka Sonora yenyewe, aliyezaliwa katikati ya dungusi hizo kama mimi nilivyozaliwa katikati ya michungwa. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa jangwa lile, nami nikawekwa chini yake. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuungaunga, kwa hiyo tulielewana vizuri. Dungusi kubwa zaidi aliiita babu kwa Kihispania, na mimi nikaiita Babu kwa Kiswahili. Ya pili, iliyokuwa fupi kidogo, tuliiita Jirani.

Sijamaliza hata kuzoea njia ya kwenda chooni, Don Chema akasafiri kwenda Houston kumwona binti yake, akaniachia jumba. Nikamtazama Babu, nikamhurumia. Mchanga mkavu kabisa! Nikachukua mpira wa maji nikammwagilia kama mtu anayemwagilia mchicha: asubuhi, jioni, na mchana nikiwa napita tu. Nilipoona mwili wake unajaa nikafurahi sana, nikamwita Deo aje aone. Deo ni Mrundi, alikulia kambini Kigoma, na kazi yake ilikuwa kuendesha kile kigari cha kubebea mbolea na takataka. Ni mtu ambaye hakuwahi kuniamini hata siku moja, na hakuwahi kukosea.

"Unaona?" nikamwambia. "Ananenepa."

"Mzee," akasema, "kuna unene wa afya na kuna unene wa hospitali. Huu ume-google lakini?"

Sikuwa nime-google. Don Chema aliporudi aliweka kiganja kwenye ubavu wa Babu kama daktari, kisha akaukunja mpira wa maji, akauvaa shingoni, akaondoka nao. Kwa muda mrefu sikuuona tena.

Sasa shikeni hili, maana mna vidungusi vyenu madirishani kwenye apatimenti na najua mnaviua. Mwili wa dungusi hii una mikunjo ya wima, kama marinda ya sketi ya shule. Marinda yakibanana, ina kiu. Yakitanuka, imeshiba. Mvua ikinyesha inakunywa kwa pupa, halafu inakaa na maji hayo miezi na miezi. Mizizi yake haizami sana. Inatambaa juu juu, kwenda mbali karibu sawa na urefu wa mmea wenyewe, ili idake maji kabla jua halijayachukua. Ukiimwagilia kila siku mizizi inaoza, na wewe unabaki unajisifu kwamba inanenepa.

Babu alipona. Lakini chini kabisa, upande wa nyuma, alikuwa na sehemu laini ambayo Don Chema aliibonyeza kwa kidole gumba kila wiki. Nilimuuliza kama ni mimi. Akasema hapana, ilikuwepo kabla yangu. Mpaka leo sijui kama huo ulikuwa ukweli au adabu tu.

Ni kwa sababu ya sehemu ile laini Don Chema alikuwa na jambo moja moyoni. Siku moja tukiwa tunakula chakula cha mchana, yeye na mkate wake wa mahindi, mimi na maandazi ya mke wangu, akaniambia, "Nataka Babu aache mtoto humu ndani, kabla mmoja wetu hajaanguka." Nikamwambia hilo ni dogo, tupande mbegu kwenye chungu. Akakasirika. Kwenye chungu mtu yeyote anaweza. Alitaka mtoto azaliwe chini, kwenye mchanga, kivulini mwa kichaka, kama wanavyozaliwa kwao. Alisema ameishi huku miaka mingi akitunza wazee waliohamishwa kutoka kwao wakiwa watu wazima, naye ni mmoja wao, na anataka kuona hata mmoja aliyezaliwa hapa hapa. Mimi nina watoto waliozaliwa Texas, na hapo nilimwelewa bila kuhitaji Kiingereza.

Hapo ndipo cheo cha popo kilipokuja.

Ua la dungusi hufunguka usiku, juu kabisa kileleni na kwenye ncha za mikono, jeupe, na hufunga mchana wa kesho yake. Kule Sonora popo wanasafiri kutoka kusini wakifuata maua hayo. Wanaingiza uso mzima kunywa utamu, wanatoka wamejaa chavua, wanaipeleka kwenye ua la dungusi nyingine. Asubuhi njiwa na nyuki wanapokea zamu. Dungusi haijipi mimba yenyewe, lazima chavua itoke kwa jirani. Ndani ya vioo hakuna popo wala njiwa. Kulikuwa na mimi tu, na brashi ya kupakia poda iliyofungwa kwenye fimbo.

Bi Carol aliniuliza kama naogopa kwenda juu. Mtu aliyekwisha kusema anatoka Afrika hawezi tena kusema anaogopa. Ukweli ni kwamba nyumbani balbu ikiungua, mke wangu ndiye anayepanda kiti. Asubuhi ile wakaniweka kwenye kile kikapu cha lifti, Deo akashika mitambo chini, nikapaa nimefumba macho. Nilipofumbua nilikuwa uso kwa uso na ua, na harufu yake ni ya tikiti lililoiva kupita siku. Nikapaka, nikapaa kwa Jirani, nikapaka, nikarudi kwa Babu.

"Popo!" Deo akaita kutoka chini. "Sogea left kidogo! Popo, hilo la pembeni hujaligusa!"

Jina likaganda. Wageni walinijua kwa jina hilo. Deo alilipeleka mpaka kwenye harusi moja Lewisville, na MC akaniita mbele kwa kipaza sauti: "Tunamkaribisha Mzee Popo atoe nasaha." Nikatoa nasaha. Ningefanya nini?

Lakini matunda yalitoka, wanangu. Mekundu, yakapasuka yenyewe, ndani mbegu nyeusi ndogo ndogo zisizohesabika. Don Chema alinipa nionje, halafu akanieleza kwa nini kwao huwezi kulizungumzia jangwa bila mmea huu. Matunda hayo huiva wakati wa joto kali kabla ya mvua, wakati kila kitu kingine kimekauka. Hapo dungusi ndiyo duka pekee lililo wazi. Ndege wanakula, popo wanakula, mbweha, panya na sisimizi wanagombania yanayoanguka, na watu nao wanapika sharubati. Vigogota wanatoboa mashimo mwilini mwake wapate pa kulala. Yenyewe inaliziba kila tundu kwa ndani kwa ngozi ngumu kama kibuyu, maisha yanaendelea. Kigogota akihama, bundi wadogo wanaingia, na baada ya bundi anaingia mwingine. Nyumba haikosi mpangaji.

Habari hiyo ya mashimo aliniambia baada ya kukuta nimeyaziba. Niliyaona kwenye mwili wa Babu, nikadhani ni uharibifu wa safari, nikaenda stoo nikachukua lipu ya ukutani, nikayajaza na kuyalainisha vizuri kwa mwiko. Kumbe kulikuwa na kindege kidogo kilichoingia jumbani kupitia tundu la hewa, kikapanga humo. Kilirudi kutoka matembezini kikakuta mlango una lipu. Kilinifokea kuanzia asubuhi mpaka nilipotoka kazini, na kesho yake kikanisubiri mlangoni kiendelee. Deo alizibua kwa bisibisi. Kindege kikamsamehe Deo. Mimi hapana.

Basi, turudi kwa mbegu. Don Chema aliponda matunda, akayatupa chini ya kichaka kimoja chenye gome la kijani, kati ya Babu na njia ya wageni. Nilimwuliza kwa nini anatupa badala ya kupanda. Akasema ndege hali akabaki mezani. Anakula, anakwenda kukaa kwenye tawi la kichaka, anajisaidia, na mbegu inaangukia kivulini. Kichaka ndicho mlezi. Mchana kinamkinga mtoto na jua, usiku kinamkinga na baridi. Mtoto anakua polepole mno, miaka na miaka hajazidi kidole, na siku akiwa mkubwa mara nyingi mlezi anakuwa ameshakufa. Dungusi karibu zote mnazoziona zimesimama peke yake zikijidai zilianzia chini ya sketi ya kichaka fulani. Nilifikiri habari za watu ninaowajua.

"Hapa usimwagilie," akaniambia. "Maji nitaweka mwenyewe."

Nikatii. Sikugusa hapo hata kwa kikombe cha chai. Lakini hakunikataza ufagio, wala msimlaumu. Nani duniani angefikiria kumkataza mtu asifagie jangwa?

Mimi nililelewa na bibi yangu. Bibi alipima utu wa mtu kwa uwanja wake. Jua halijatoka, uwanja uwe umeshafagiwa, na mistari ya ufagio ionekane mchangani, ili mpita njia ajue humu watu wameamka. Jani moja tu likionekana saa ya chai, aliuliza nani amefiwa. Sasa mtu aliyelelewa namna hiyo unamweka kwenye chumba chenye mchanga mtupu na funguo ya mlango. Nilikwenda Irving kwenye maduka ya Wahindi, nikapata ufagio wa chelewa, wa njukuti za mnazi, kama wa nyumbani kabisa. Nilifika kazini kabla ya wote. Nilifagia jangwa lote, kuanzia ukuta wa nyuma mpaka mlangoni, na chini ya vichaka niliingiza ufagio kwa kuulaza, maana huko ndiko uchafu unakojificha. Majani yote, vijiti vyote, kila kitu nikakijaza kwenye ndoo, Deo akaja na kigari akapeleka kwenye mboji.

Wageni walipiga picha ile mistari yangu. Kikundi kimoja cha kina mama kiliamini ni sanaa ya Kijapani. Bi Carol alinisifu mbele ya mkutano wa wafanyakazi, akasema hajawahi kuona jangwa nadhifu namna ile. Nilimpigia kaka yangu Muheza nikamwambia Wamarekani wameshindwa kufagia mpaka nilipokuja mimi.

Mbegu hazikuota. Mwaka uliofuata nikawa popo tena, matunda yakatoka, Don Chema akatupa, hazikuota. Akashuku panya. Tukatega mitego, na mimi ndiye niliyeleta siagi ya karanga ya chambo kutoka nyumbani. Nilikuwa na hasira na panya wale kuliko yeye. "Hawana huruma," nilimwambia, nikitikisa kichwa. "Wanakula watoto!"

Panya wenyewe hawakunaswa. Ndipo Don Chema akaamua kuja mapema amvizie mwizi. Alijificha nyuma ya Jirani, amekaa kwenye ndoo, ana tochi na fimbo. Mimi sikujua. Nikaingia alfajiri nikiimba kaswida yangu taratibu, nikavua koti, nikapiga kichwa cha ufagio kwenye jiwe njukuti zikae sawa, nikainama nikaulaza chini ya kile kichaka.

Tochi ikawaka usoni mwangu.

"Panya," akasema Don Chema.

"Wapi?" nikauliza, nikainua ufagio juu tayari kupiga.

Akanimulika mimi, akaumulika ufagio, akarudi kunimulika mimi. Nikageuka nyuma kumtafuta panya. Ndipo alipoanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, akakohoa, akashika kifua. Nami nikacheka kwa kumfuata, bila kujua tunacheka nini. Halafu akavuta ndoo yangu, akatoa lenzi yake mfukoni, akachambua yale majani niliyozoa, akaniita niangalie. Kwenye jani moja kulikuwa na nukta ya kijani. Pembeni nyingine. Na nyingine imechubuka.

Hazikuwa zimekataa kuota. Ziliota, kisha nikazifagia kwa mistari iliyonyooka. Hapo sina utani wa kuweka, wanangu, niliumia kwelikweli. Nilikumbuka kile chambo cha karanga nikaona aibu hata kwa panya.

Don Chema angeweza kunifukuza. Badala yake alichukua ndoo akayamwaga majani yote chini ya kichaka, akayasambaza kwa mkono kama anayetandika kitanda. Akaniambia majani yale yanashika unyevu, yanamficha mtoto asionwe na mdomo wa mnyama, yanampa kivuli na yanampa blanketi. "Nyumba yenu ikifagiwa ina afya," akasema. "Nyumba hii ikifagiwa inakufa." Kuanzia siku hiyo nilifagia njia ya wageni tu. Kile kichaka nilikizunguka kama mtu anayezunguka kaburi. Wageni wakaanza kulalamika kwamba jangwa limekuwa chafu, na Bi Carol akaniuliza kwa upole kama nina matatizo nyumbani.

Nikawa popo kwa mara nyingine, Don Chema akatupa mbegu, lakini kifua chake kikazidi. Kabla hatujaona chochote binti yake alikuja kumchukua, wakaenda kuishi Houston. Siku ya kuondoka hakuaga watu wengi. Alimshika Babu, akabonyeza ile sehemu laini, akaniambia, "Mtoto akija, nipigie. Na tafadhali, Baba Zuhura, usifagie."

Alikuwa akipiga simu kila Ijumaa baada ya swala, alijua saa yangu. "Amekuja?" Namwambia bado. Ukweli ni kwamba sikujua. Nilitazama chini ya kichaka kila siku nikaona majani, vijiti, na vitu vya kijani ambavyo vingeweza kuwa mtoto wa Babu au magugu tu. Ningeweza kumwambia amekuja, nimpe raha. Mara kadhaa neno lilifika mdomoni. Lakini mtu ambaye kazi nzima aliipata kwa kusema anatoka Afrika, anajua uongo mdogo unavyodai matunzo.

Ikaja ile baridi. Nyie mnaikumbuka, mlikuwa mmejifunika makoti ndani ya nyumba, umeme hakuna, maji yameganda kwenye mabomba. Siku moja kabla, redio ilipokuwa inaonya, nilichukua blanketi zito la mke wangu, lile lenye picha ya chui, nikaenda nalo kazini nikafunika kile kichaka mpaka chini. Babu hakuwa na wa kumfunika, nani ana blanketi la ukubwa ule? Barabara zikageuka kioo, nikakaa nyumbani Arlington nikisikiliza upepo. Mke wangu aliuliza blanketi lake liko wapi. Nikamwambia amelala nalo mgonjwa.

Tulipoweza kurudi, Babu alikuwa bado amesimama, tukashukuru. Tulishukuru mapema. Hali ya hewa ilipopata joto mwili wake ukaanza kulegea na kubadilika rangi, ikianzia pale pale alipokuwa akibonyeza Don Chema. Asubuhi moja tukamkuta ameanguka, amelala amekatiza njia ya wageni, mkono mmoja umevunjika karibu kabisa na kichaka.

Bi Carol alilia, naye hakuwa mtu wa kulia. Halafu akafuta macho akafanya kazi yake. Aliita kampuni ije na mashine, waondoe Babu, waondoe kichaka kilichounguzwa na baridi, wazoe majani yote yenye kuoza, waweke mchanga mpya. Wageni wangerudi wiki ile ile, na harufu ilikuwa imeanza. Alikuwa sahihi, na mimi ningekuwa mkuu ningeamua hivyo hivyo.

Wale vijana wa mashine walipofika walinikuta mlangoni nimeshika ufagio kwa mikono miwili, nimeulaza kama boriti. Sikuwa nimepanga. Niliukuta mkononi.

"Hamsafishi humu," nikasema.

Bi Carol akaja, akanitazama, akautazama ufagio. "Wewe?" akasema. "Kati ya watu wote duniani, wewe?"

Deo alikuwa nyuma yangu, akacheka mpaka akaegemea kigari. Nikamweleza Bi Carol kwamba chini ya pale huenda kuna mtoto. Nikamwambia pia kwamba kwao Babu hangeondolewa. Don Chema alinifundisha kuwa dungusi ikianguka jangwani, wadudu, mijusi na nyoka wanaingia humo, inawalisha na kuwahifadhi mpaka inabaki mbavu za mti, na mbavu zenyewe watu wanajengea. Yote hayo Bi Carol aliyajua kuliko mimi, alisomea. Alichosahau, kwa sababu ya wageni na harufu, nilimkumbusha tu. Akafikiri. Akasema tuvute ile sehemu iliyoziba njia, tuzungushie kamba, mengine yabaki, "lakini kwanza nionyeshe huyo mtoto."

Tukalala kifudifudi, mimi na Deo, tukafunua blanketi, tukachambua jani moja moja kwa njukuti ya chelewa niliyoichomoa kwenye ufagio wangu. Mgongo ulinikatika. Deo akaanza kusema, "Mzee, let's be honest..." halafu akanishika mkono akausogeza taratibu. Kati ya majani mawili kulikuwa na kitu cha kijani, mviringo, kama punje ya choroko. Nikaweka lenzi aliyoniachia Don Chema. Kilikuwa na miiba, laini kama nywele za mtoto mchanga.

Nilipiga simu Houston. Alipokea binti yake, akasema baba amelazwa.

Binti yangu Zuhura anaishi Pearland, jirani na Houston, na anafanya kazi ya uuguzi kule kwenye hospitali za mjini. Nilimpigia akaulizia wodi. Kesho yake Deo akaendesha, mimi nikashika simu yenye picha kama mtu aliyebeba mayai. Don Chema alikuwa amekonda, ana mpira wa hewa puani, lakini macho ni yale yale. Nikamwekea simu mkononi. Akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Naona majani makavu," akasema.

"Ndiyo."

"Na vijiti."

"Ndiyo, Don Chema."

"Na kinyesi cha mjusi." Akanigeukia. "Baba Zuhura, umetoka Fort Worth kuja kunionyesha takataka?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Sijafagia."

Akarudi kwenye picha. Kidole chake kikaanza kutembea juu ya kioo, jani kwa jani, nami nikajizuia nisimwonyeshe. Kikasimama. Aliigeuza ile simu akailaza kifuani, akaifunika kwa viganja vyote viwili, na Zuhura alipokuja kusema, "Baba, visiting hours zimeisha," hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwomba airudishe. Nilirudi Arlington bila simu. Aliniletea binti yake, baada ya mazishi.

Sasa nimestaafu, nakaa huku Pearland kwa Zuhura, ambako mvua haina adabu na dungusi haikai. Yule mtoto bado hajazidi kidole gumba, na sitamwona akiwa na mikono. Nyinyi pia hamtamwona, labda wajukuu wenu. Lakini mkipita Fort Worth ingieni kwenye lile jumba la vioo. Mtaona njia imefagiwa safi, na pembeni, chini ya kichaka kinachochipua upya, kona moja chafu ajabu. Msiite mtu aje kuisafisha. Hiyo kona ndiyo kazi niliyofanya Marekani.